Ukitumwa spea ya gari la Hulugho, usifanye nilivyofanya

Wasee, leo hakuna vidio. Kwa vidio huwa naongea mbio na nawachekesha, na hii stori sitaki mtu acheke.

Wengi wenu mnaonifuata mko Eastleigh, South C, Garissa mjini, wengine mko hosteli Thika. Lakini nyumbani ni Hulugho, Sangailu, Ijara, Masalani. Kama una watu kule, hii simu unaijua: "Adeer, uko wapi? Nimekutumia kitu kwa M-Pesa. Shuka Grogan unichukulie spea, uipakie kwa basi la Garissa." Sisi vijana tulio Nairobi ndio wanunuzi wa spea za kule, na hakuna aliyetufundisha. Tunapewa jina la kitu, picha ya WhatsApp iliyojaa grisi, na pesa.

Mwaka jana adeer wangu alinituma hivyo. Alitaka beringi mbili na sili ya gurudumu la nyuma la Land Cruiser yake, ile pikapu ya 79. Alinitumia 13,000 na akanitajia beringi ya Kijapani anayoiamini. Duka la kwanza waliniambia 12,500. Duka la tatu nikapata kila kitu kwa 4,000. Boksi safi, lina maandishi ya Kijapani, beringi inang'aa kushinda ile ya duka la kwanza. Nikampigia adeer, nikamwambia nimeokoa 9,000. Alifurahi, akasema chenji nibaki nayo, nile, ninunue bando. Bando hilo hilo nikalitumia kuposti vidio ya kuwaonyesha vile mtu hununua spea bila kunyonywa. Wengi wenu mliipenda. Nimeifuta.

Wiki ya tano, beringi ikasagika.

Gari lilikuwa linatoka Hulugho kwenda Masalani, limebeba magunia na watu kumi na mmoja nyuma, kama kawaida yetu. Mbele alikaa mama mjamzito, jirani yetu, aliyekuwa anapelekwa hospitali kwa sababu uchungu ulikuwa umeanza mapema. Kabla ya kufika Sangailu wakasikia harufu ya grisi inayoungua. Adeer akasimamisha gari, akagusa habu, ikamchoma kidole. Gurudumu lilikuwa limelala upande. Beringi ya ndani ilikuwa imevunjika vipande, na vile vipande vilikuwa vimekula hadi chuma cha ekseli chenyewe.

Ilikuwa saa kumi jioni na mtandao hakuna. Nyinyi mnajua kule si mahali pa kulala njiani. Operesheni Linda Boni ilianza 2015, na mabomu ya kutegwa barabarani si hadithi kwetu. Walizima taa zote wakakaa kimya. Mama yule alishika uchungu wake gizani, wanawake wawili wakimshika mikono, na hakuna aliyethubutu hata kuwasha tochi ya simu. Baada ya swala ya alfajiri lori likapita, likawabeba. Alijifungua Masalani asubuhi ile ile. Mama na mtoto wako salama, alhamdulillahi.

Adeer hakunilaumu. Aliniuliza tu, "Adeer, lile boksi ulilitoa wapi?" Manze, hilo swali ndilo lilinimaliza.

Kwa hivyo msimamo wangu leo ni huu: mtu anayeokoa pesa kwa spea ya ekseli mara nyingi siye anayelala porini ikivunjika. Mimi nilibaki na chenji, mama wa watu akabaki na usiku. Kama wewe si wa kupanda hilo gari, huna haki ya kuchagua rahisi kwa niaba ya wanaopanda.

Nilienda kwa fundi mmoja anielezee, kwa sababu enyewe nilikuwa nimenunua kitu nisichokijua. Ekseli ya nyuma ya ile pikapu imeundwa hivi: shafti kazi yake ni kuzungusha gurudumu tu. Uzito wote wa gari, magunia na watu unakaa juu ya beringi mbili ndani ya habu, kila upande. Kwa hivyo shafti ikikatika, gurudumu bado linabaki mahali pake. Beringi ikisagika, hakuna kitu kingine cha kulishika vizuri. Na kuna magari mengine ambayo shafti hiyo hiyo ndiyo inazungusha na ndiyo inabeba uzito. Hayo shafti ikikatika, gurudumu linaweza kutoka nje likiwa bado limeshikana na kipande cha shafti.

Sasa mng'aro. Mimi niliangalia mng'aro, na mng'aro hauonyeshi kitu. Chuma cha beringi kinatakiwa kiwe safi na kigumu, kipikwe kwa moto wa kipimo. Shafti nayo inatakiwa iwe ngumu ngozi ya nje, lakini moyo wake uwe na uvumilivu, isije ikakatika kama chaki. Hayo yote hayaonekani kwa macho. Beringi mbovu na beringi nzuri zikiwa kwa kaunta zinafanana kama mapacha. Tofauti utaijua zikiwa na mzigo, na wakati huo uko mbali na kaunta.

Na mzigo wetu si wa Ngong Road. Beringi niliyonunua labda ingekaa mwaka mzima kwa gari la kupeleka watoto shule Nairobi. Kule kwetu inakutana na mchanga laini kama unga, jua, mawe, na mzigo ambao hakuna aliyeupima. Halafu kuna laga. Habu ikiwa moto sana kisha iingie maji ghafla, hewa iliyo ndani inapoa na kujivuta, na inavuta maji na matope kupitia sili iliyochoka. Sili ni kipande kidogo cha mpira, ndiyo maana watu wanaidharau. Lakini sili ikipasuka leo, beringi haina maisha, hata ingekuwa ya dhahabu.

Na ikiharibika, utapata nyingine lini? Novemba 2023 mvua za El Niño zilipokata barabara pale Madogo, hata mwenye pesa mkononi hakuwa na njia ya kuleta kitu kutoka Nairobi. Spea ya Hulugho inatakiwa iwe nzuri kushinda ya Nairobi, na sisi tunafanya kinyume chake.

Najua komenti zinazokuja. Ya kwanza: "Wewe una pesa ya jenuini?" Sina. Adeer pia hana. Gari lake linalisha nyumba tatu na nauli nyingine analipwa mbuzi ikishauzwa. Simwambii mtu anunue kila kitu kwa boksi la Toyota. Si kila kitu kisicho na boksi hilo ni kibovu. Koyo, NSK na NTN za Japani, SKF ya Sweden, Timken ya Marekani, hawa wote wanatengeneza beringi na kuziuza kwa jina lao wenyewe, mara nyingi kwa bei ya chini kuliko boksi la mwenye gari. Hiyo ni spea halali na ni nzuri. Shida iko kwa spea isiyo na jina kabisa, na mbaya zaidi, spea iliyoiba jina la mwingine. Yangu ilikuwa hiyo ya kuiba jina.

Ya pili: "Hata ya bei ghali inaweza kuwa feki." Kweli kabisa. Bei ya juu si cheti. Ndiyo maana usiangalie bei peke yake. Bei ikiwa theluthi ya ile uliyoambiwa kwingine, hiyo si bahati, walaal, hiyo ni onyo. Omba risiti yenye jina la duka na jina la spea. Muuzaji akikataa kuandika jina alilokutajia kwa mdomo, toka. Angalia namba iliyochongwa kwenye beringi kama inalingana na ya boksi. Kama ni SKF, wana programu ya simu, unapiga picha unawatumia, wanakuangalizia. Simu tunazo, na kila siku tunapigia picha chakula.

Ya tatu: "Fundi ndiye aliharibu." Inaweza kuwa. Beringi nzuri ikipigwa nyundo kuingia, au nati ikikazwa kwa hisia tu, inakufa mapema. Kwa hivyo anayefunga aoshe habu, aweke sili mpya na grisi mpya, akaze kwa kipimo. Halafu baada ya safari ya kwanza dereva ashuke aguse habu zote. Moja ikiwa na moto kushinda wenzake, asiendelee.

Kama pesa ni kidogo, okoa mahali pengine. Kioo cha pembeni, taa, bampa, viti, mkeka, nunua rahisi unavyotaka. Shafti ya mtumba kutoka Japani, iliyokaguliwa, mimi naiamini kuliko mpya isiyo na jina. Lakini beringi, sili na brek, hapo usicheze. Na wenye magari wanaweza kuchanga, watu watano waagize pamoja kutoka kwa duka moja linalojulikana. Bei inashuka na kuna mtu wa kuuliza mambo yakiharibika.

Kuhusu wanaouza, sheria iko. Katiba yetu kifungu cha 46 inasema mteja ana haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa, ana haki ya kuambiwa ukweli kuhusu anachonunua, na ana haki ya fidia akiumizwa na bidhaa mbovu. Bidhaa ghushi zina sheria yake tangu 2008, na mamlaka yake. Lakini nilirudi lile duka bila risiti, muuzaji akaniuliza mimi ni nani. Sikuwa na jibu. Nilitupa haki yangu siku niliyokubali kuondoka bila karatasi.

Na serikali isidhani nimeisahau. Tungekuwa na barabara, nusu ya hizi spea hazingevunjika, na mama mjamzito hangehitaji pikapu ya mizigo. Lakini barabara ikija kesho ama isije, gari litatoka Hulugho asubuhi likiwa na watu nyuma, na leo mchana kuna kijana ametumwa Grogan.

Wiki iliyopita adeer alinipigia tena. Sasa ni upande wa kulia. Alituma pesa kamili na hakusema lolote kuhusu mara ya kwanza. Nilinunua kwa 12,500, nikampigia picha risiti, namba ya beringi na boksi, nikamtumia. Zile 500 zilizobaki nilimrudishia.