Kamera Isiyoonyesha Mkataba

Kuna filamu za ngono ambazo watengenezaji wake hujivunia kuliko zote: zile zinazosimulia jinsi filamu za ngono zinavyotengenezwa. Mwongozaji yumo ndani ya hadithi, taa na nyaya zinaonekana, mwigizaji anapakwa poda huku akipiga soga na mpiga picha. Tunaambiwa huo ndio ukweli wa nyuma ya pazia. Nasema ni uongo, tena uongo unaoumiza watu, na mkosoaji anayeusifu kwa jina la sanaa anausaidia kuenea.

Mchukue Gerard Damiano. Mwaka 1972 alipiga filamu ya Deep Throat kule Florida kwa siku chache na fedha kidogo, ikawa gumzo la Marekani nzima. Mwigizaji mkuu alitangazwa kwa jina la Linda Lovelace. Jina lake halisi lilikuwa Linda Boreman. Miaka sita baadaye Damiano akatoa Skin-Flicks, na mhusika mkuu ni nani? Mwongozaji wa filamu za ngono. Alikuwa na nafasi ya kueleza kazi aliyoijua ndani nje, akamweka katikati mwanamume mwenye kamera.

Mwaka 1980 Boreman naye akasema yake, katika kitabu chake Ordeal. Alieleza kwamba mumewe wa wakati ule, Chuck Traynor, alikuwa akimpiga na kumtishia kwa bunduki, kwamba michubuko inayoonekana mwilini mwake ndani ya Deep Throat ilitokana na kipigo hicho, na kwamba dola 1,250 za malipo yake hakuzitia mkononi, alizichukua mume. Mwaka 1986 aliiambia tume ya serikali iliyochunguza biashara hii kwamba kila anayeitazama filamu ile anamtazama yeye akibakwa.

Michubuko ilikuwa kwenye picha! Umati ulipanga foleni, ukaingia, ukacheka, ukatoka. Kamera inayojigamba kwamba haifichi kitu iliyaweka maumivu ya mtu mbele ya macho ya watu, na hakuna aliyeuliza.

Filamu hizi hazitaki maswali ya kazini. Nani amesaini nini, na alipewa muda wa kusoma? Hundi inaandikwa kwa jina la nani? Mwigizaji akisema basi, kazi inasimama, au anabembelezwa mpaka alegee? Akiamua kuondoka, analipwa? Mwaka 1988 Mahakama ya Juu ya California, katika kesi ya Freeman, iliamua kwamba kumlipa mtu aigize ngono mbele ya kamera si kumfanyisha ukahaba. Wenye biashara walishangilia. Haya, kama ni kazi, tuonyeshwe kazi. Mwaka 2004 mwigizaji mmoja aliyekuwa ametoka kupiga filamu Brazil aliwaambukiza wenzake watatu virusi vya UKIMWI, na upigaji wa filamu Los Angeles ukasimama kwa wiki kadhaa. Hofu ya mtu anayesubiri majibu ya kipimo ili ajue kama kesho ana kazi, au ana uhai wa namna gani, ingetosha filamu nzima. Badala yake tunapewa utani wa chumba cha poda.

Hata Hollywood ilipoingia humo ilibeba ugonjwa uleule. Boogie Nights ya 1997 imepigwa kwa ustadi mkubwa, sikatai, lakini inampendezesha mwongozaji kama baba wa familia, na maafa yake mengi yanaletwa na kokeini na ujio wa kanda za video. Mkataba hauna hatia. Aliyethubutu ni Ninja Thyberg wa Sweden, katika Pleasure ya 2021. Humo msichana anaomba wasimamishe. Wanasimamisha, wanamkumbatia, wanamwambia anafanya vizuri sana, kisha wanaendelea na yaleyale. Dakika hizo chache zimesema zaidi ya filamu zote za ngono zinazojisimulia, kwa sababu zinatuonyesha jinsi ridhaa ya mtu inavyokamuliwa kwa sauti ya upole.

Wapo waigizaji wanaosema waliichagua kazi hii kwa akili zao timamu. Siwabishii. Hao nao wanadhulumiwa na picha inayofanya ridhaa ionekane pambo la hadithi, wakati kwao ndiyo kinga pekee.

Na anayedhani haya ni mambo ya wakosoaji tu, aisome kesi ya kampuni ya GirlsDoPorn ya San Diego. Video zao zilijifanya zinaonyesha kila kitu: msichana anakaa, anahojiwa mbele ya kamera, anaeleza ni nani na kwamba hii ni mara yake ya kwanza. Nje ya kamera, wasichana waliahidiwa kwamba video zitauzwa kwa DVD katika nchi za mbali na kamwe hazitawekwa kwenye intaneti. Kampuni iliwalipa wanawake wengine wawapigie simu kuwahakikishia hivyo. Makaratasi waliwekewa mbele wasaini haraka haraka. Kisha video zikamwagwa mtandaoni, zikafika kwa wazazi, kwa wanafunzi wenzao, makazini. Yale mahojiano, yaliyoonekana kuwa ndiyo sehemu ya kweli kuliko zote, yalikuwa mtego wenyewe.

Wanawake 22 walikwenda mahakamani. Januari 2020 walishinda, wakapewa fidia ya karibu dola milioni 13 na haki za kumiliki video zao. Mwenye kampuni alikimbia nchi, akakamatwa Hispania mwishoni mwa 2022, na mwaka 2025 akahukumiwa kifungo cha miaka 27. Nakala za video zile bado zinazunguka, na zinafika hata kwenye simu za huku kwetu, mahali ambapo filamu hizi zimepigwa marufuku kisheria na hakuna anayetaka kuuliza zilitengenezwaje. Mwongozaji anayetaka kutuonyesha tasnia yake kutoka ndani aanze na jalada la kesi hiyo, na aelekeze kamera kwenye meza ambayo yale makaratasi yalisainiwa.