"Alizidiwa urefu": uongo tunaowaandikia mabondia wafupi

Nimekuwa kimya kama wiki mbili hivi, mtanisamehe. Leo nina jambo limenikaba kooni na nisipolitema sitalala. Linahusu ngumi. Msiopenda ngumi msikimbie, maana wanaopigwa ni wadogo zetu wa mtaani.

Jumamosi moja nilikwenda kuangalia mapambano hapa hapa Dodoma. Ukumbi sitautaja, promota simtaji, makocha nao nawaacha. Sina nia ya kumchoma mtu. Pambano lenyewe lilikuwa la raundi sita. Upande mmoja alikuwa dogo wa hapa mjini, kazi yake kusukuma mkokoteni soko la Majengo, miaka kama ishirini, mfupi, kifua kipana, miguu imeshiba. Upande wa pili kaletwa bondia wa mkoa mwingine, mrefu kama mlingoti, mikono inakaribia magoti. Uzito wao ulikuwa sawa kabisa.

Kengele ikalia. Dogo akaenda mbele kanyooka kama reli. Akala jebu. Kwa wasiojua, jebu ni ile ngumi ya mkono wa mbele, inayonyooshwa haraka na kurudi. Akarudi nyuma, akaja tena kwa njia ile ile, akala nyingine. Na kona yake, toka mwanzo mpaka mwisho, ilikuwa na neno moja tu: "Ingia! Komaa, ingia!" Dogo wa watu akawa anaingia kweli. Raundi ya tatu refa akalimaliza pambano, jicho la kushoto la dogo limeziba.

Usiku ule ule nikaandika habari yangu. Nakiri mbele yenu kwamba niliandika hivi: alizidiwa urefu. Mhariri hakuuliza kitu, ikatoka.

Jumatatu nikapita Majengo. Nikamkuta amekaa juu ya mkokoteni wake, jicho bado limevimba.

"Kaka, umeandika nimezidiwa urefu," akaniambia.

"Ndiyo mdogo wangu. Kwani uongo?"

"Sasa mie nifanyeje kaka? Nirefuke?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Nikamuuliza raundi ya tatu ilikuwaje. Akasema haikumbuki. Anakumbuka kengele ya raundi ya pili, halafu anakumbuka amekaa kwenye benchi anapewa maji. Katikati hamna kitu.

Wadau, swali la yule dogo ndilo lililoniamsha. Maana maneno yangu mawili yalikuwa yamemsamehe kila mtu ila yeye. Kocha kasamehewa, kwani angefanyaje na urefu ni kazi ya Mungu? Promota naye kasamehewa. Mwandishi kamaliza kazi mapema akalale. Aliyebaki na lawama ni mwenye mwili mfupi, na mwili haubadiliki.

Nasema hivi, na atakayebisha abishe: ufupi haumpigi mtu. Kinachompiga ni kupigana kwa umbali anaoutaka mrefu. Na "ingia tu" si mbinu. Ni kelele za mtu ambaye ngumi hazimfikii. Wahenga walimaliza: mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Tuanze na jambo dogo ambalo watu hawalifikirii. Katika ngumi mabondia wanapangwa kwa uzito. Hakuna daraja la urefu. Kwa hiyo mfupi yeyote anayevaa glavu atakutana na warefu, leo au kesho, hilo ni la uhakika kama vumbi la Dodoma mwezi wa nane. Sasa kama ni uhakika, kwa nini kila likitokea tunalipokea kama ajali?

Mnayajua makorongo yetu ya huku. Kiangazi ni mchanga mtupu, mbuzi wanapita, watoto wanacheza. Mvua ikinyesha huko juu, maji yanashuka ghafla. Aliye ng'ambo hii salama, aliye ng'ambo ile salama. Anayekwenda na maji ni yule aliyesimama katikati anajishauri. Ngumi na mtu mrefu ni hivyo hivyo. Kuna sehemu mbili tu za kukaa: mbali kabisa, ambako hata mikono yake mirefu haikufikii, au karibu kabisa, kifuani kwake, ambako ile mikono inakuwa mzigo kwa sababu haina nafasi ya kunyooka. Katikati ndiko yeye anakufikia na wewe humfikii. Dogo wa Majengo alipigana dakika zake zote katikati ya korongo, na watu wake wakimwambia akomae huko huko.

Kuvuka kuna namna yake.

Kwanza, kichwa kitangulie kuhama kabla mguu haujaenda. Jebu ya mrefu inatafuta kichwa pale kilipokuwa. Kama wote mnatanguliza mkono wa kushoto, kwepa kwenda kuliani kwako, nje ya mkono wake. Huko ngumi yake nzito ya kulia iko mbali nawe.

Pili, usiingie mkono wake ukiwa unakuja. Ingia ukiwa unarudi nyumbani. Mtishie, atupe jebu ikose, halafu ifuate ile jebu inavyorudi. Hii haihitaji urefu, inahitaji subira. Na mfupi naye arushe jebu yake, ila aipeleke kifuani na tumboni, maana kichwa cha mrefu kiko mbali na kinakwepa. Kifua hakikwepi.

Tatu, anza na mwili. Ini liko upande wake wa kulia, yaani upande wa mkono wako wa kushoto. Mrefu akipigwa mbavu mara kadhaa anaanza kuinama na kushusha mikono, na kichwa kilichokuwa juu ya mti kinashuka chenyewe.

Nne, usimfukuze, mkatie njia. Akienda kushoto, wewe piga hatua ya pembeni umzibie mpaka mgongo wake ukutane na kamba. Anayemfuata mrefu kwa nyuma anazunguka ulingo bure na kula ngumi.

Tano, na hili ndilo linalosahaulika, ukifika usitoke hovyo. Mrefu atakukumbatia na kukulalia ili uchoke kubeba uzito wake. Weka paji la uso kifuani pake, mikono yako iwe ndani ya mikono yake, piga kazi. Ukitoka, toka kwa pembeni. Ukirudi nyuma umenyooka na kidevu juu, unajirudisha mwenyewe katikati ya korongo.

Sasa niambieni, katika hayo matano lipi linataka fedha za wafadhili? Funga kamba ya manila kutoka nguzo hadi nguzo, usawa wa mabega ya kijana, apite chini yake akikunja magoti, kushoto na kulia, kila siku mpaka achoke. Hakuna bondia mrefu wa kumfanyia mazoezi? Kocha apande juu ya benchi amrushie jebu kutoka huko. Basi. Hiyo kamba bei yake haifiki ya chupa tatu za soda.

Kuna watakaosema mie mwandishi nimejuaje ngumi, nimepigana wapi? Sijapigana popote. Ndiyo maana siwaombi mniamini mie, waangalieni waliopigana.

Machi 8, 1971, New York, ukumbi wa Madison Square Garden. Joe Frazier, sentimita 182, na Muhammad Ali, sentimita 191. Frazier aliingia usiku mzima, ila aliingia ameinama, kichwa kikiyumba huku na huku, akipiga mwili. Raundi ya 15 konde lake la kushoto lilimwangusha Ali, na majaji wakampa Frazier ushindi. Simfichi mtu: Frazier naye alipigwa sana akaishia hospitali. Hata njia sahihi ina gharama. Je, asiyepewa njia yoyote?

Mike Tyson ana sentimita 178. Mwaka 1987 alimshinda Tony Tucker kwa pointi na Tyrell Biggs kwa TKO raundi ya saba. Wote wawili wana kama sentimita 196. Halafu Februari 11, 1990, jijini Tokyo, Tyson huyo huyo akapigwa KO raundi ya 10 na Buster Douglas, ambaye ni mfupi kuliko Tucker na Biggs. Je, Tyson alikuwa amepungua urefu? Hapana. Mwaka 1988 alikuwa amemfukuza kocha wake Kevin Rooney, na kile kichwa kisichotulia kilikuwa kimetulia. Akasimama katikati, Douglas akamchapa jebu. Kona yake usiku ule haikuwa hata na kile chuma baridi cha kukandia uvimbe wa jicho, wakatumia glavu ya mpira iliyojazwa maji ya baridi. Mwili ule ule, kona tofauti.

Novemba 7, 2009, Ujerumani, David Haye alipanda ulingoni na Nikolai Valuev, mtu wa sentimita 213, aliyemzidi Haye karibu kilo 45. Haye hakujifanya dume la kubadilishana ngumi. Alikaa mbali, akazunguka, akaingia akapiga akatoka, raundi 12. Wengine walizomea kwamba haikuwa burudani. Mkanda akaondoka nao yeye. Na mwaka 2024 Oleksandr Usyk, sentimita 191, alimshinda Tyson Fury, sentimita 206, mara mbili, Mei na Desemba, akianza na mwili na kuhamahama pembe.

Na kwetu je? Hii nchi si ya kufundishwa ngumi toka mwanzo. Titus Simba alileta medali ya fedha ya Jumuiya ya Madola toka Edinburgh mwaka 1970. Michael Yombayomba alileta dhahabu toka Kuala Lumpur mwaka 1998. Hazikuja kwa "komaa" peke yake.

Tena mfano mkubwa kuliko yote hata hauko ulingoni. Mwaka 1978, majeshi ya Idi Amin yakiwa yameingia Kagera, Amin alitangaza kwamba anamwita Mwalimu Nyerere ulingoni wamalize ugomvi kwa ngumi, refa awe Muhammad Ali. Amin alikuwa pandikizi la mtu na bingwa wa ngumi wa zamani. Mwalimu alikuwa mwembamba, wa kimo cha kawaida. Leo sanamu yake iko pale Nyerere Square, nendeni mkaiangalie. Wangekuwa baadhi ya makocha wetu wangempigia kelele: "Mwalimu, ingia! Komaa!" Mwalimu hakuingia kwenye ulingo wa Amin. Alichagua mwenyewe pa kupigania, na Aprili 11, 1979 Kampala ilikuwa imeanguka. Vita si mchezo na waliokufa si mfano wa kuchezea, lakini funzo liko pale pale: usimpe mkubwa umbali anaoutaka.

Najua pia kuna watakaosema mashabiki wanalipa kuona watu wanaingiana. Kweli. Na kumpanga kimbaumbau na mfupi ni sinema inayouza tiketi. Ila mwaka 1928 daktari mmoja wa Marekani, Harrison Martland, aliandika kuhusu mabondia wanaoishia kutembea wanayumba na kuzungumza kama walevi bila kunywa, kwa ajili ya kupigwa vichwa. Zimepita karibu miaka mia. Hatuwezi kusema hatukuambiwa. Shabiki anarudi nyumbani na kumbukumbu ya pambano zima. Dogo wa Majengo amerudi bila raundi ya tatu.

Kwa hiyo nina maombi matatu. Makocha, mkiona kijana mfupi kaja gym, msimwambie "una moyo". Mfungieni kamba. Mapromota, kabla ya kumpanga, ulizeni amejiandaa vipi na mrefu, kama mnavyouliza uzito wake. Na nyie mliokaa viti vya mbele mkipiga kelele za "ingia", siku nyingine malizieni sentensi: aingie lini, kwa upande gani, akifika afanye nini? Kama hamjui, nyamazeni aisikie kona yake, nayo iwe na la kumwambia.

Waandishi wenzangu, hatuna visingizio. "Alizidiwa urefu" ni habari ya kwenye mizani, tuliijua kabla kengele haijalia. Kazi yetu ni kuandika kilichotokea baada ya kengele. Habari yangu ya ile Jumamosi ilitakiwa isomeke hivi: bondia aliingia kwa mstari mmoja raundi tatu mfululizo, hakupiga mwili, na kona yake haikumpa maelekezo mengine yoyote. Hiyo ingemuuma kocha, labda angeninunia mwezi mzima. Lakini ingekuwa kweli.

Jana jioni nilirudi Majengo. Nimempelekea dogo kamba ya manila, mita sita, na tumekubaliana atanisomea mwenyewe habari yake ijayo kabla sijaituma. Akacheka safari hii. Anasema jicho linaona vizuri, ila kichwa bado kinamgonga asubuhi. Nimemwambia asipande ulingoni wala asirushiane ngumi mazoezini mpaka daktari amwone, na wiki hii nakwenda naye hospitali mwenyewe.

Haya wadau, nimetema. Mwenye la kubisha aje nalo.