Umejuaje? Swali Linalokosekana Katika Madrasa Zetu



Ndugu Waislamu, katika misikiti yetu tumezoea kumsifu mtoto kwa idadi. Huyu amehitimu Msahafu, yule amehifadhi juzuu 5, mwingine anazisoma hadithi za Arubaini Nawawi bila kutazama. Ni sifa ya haki, na anayeidharau hifdhi haijui dini hii ilivyotufikia. Lakini mchukueni mtoto huyo huyo, mumpe kisa kifupi asichopata kukisikia, kwa Kiswahili alichozaliwa nacho, kisha mumuulize jambo ambalo halikutamkwa lakini limo ndani ya maneno. Mara nyingi atanyamaza, au atairudia mistari ile ile kwa sauti ya juu zaidi. Si mjinga. Hakuna aliyemfundisha kazi hiyo.

Allah (S.W.) katika Surat An-Nisaa, aya ya 83, amewataja watu wenye uwezo wa kulitoa jambo kutoka katika habari iliyowafikia, na neno lililotumika hapo ndilo lililotupa istilahi ya istinbaat. Asili yake katika Kiarabu ni maji ya mwanzo yanayotokeza kisima kinapochimbwa. Maji hayo yalikuwamo ardhini tangu hapo. Mchimbaji hakuyaumba, wala hakuyabeba kwa ndoo kutoka kwingine. Basi msomaji huharibikiwa kwa njia mbili: ama hachimbi kabisa, ama humwaga maji yake mwenyewe kisha akadai ameyakuta kisimani.

Asidhani mtu kwamba hili ni pambo la wanavyuoni tu. Imepokewa kwamba katika zama za Makhalifa waongofu mwanamke mmoja alijifungua miezi 6 baada ya kuolewa, akatuhumiwa zinaa. Riwaya zimekhitilafiana kama ilikuwa zama za Umar au za Uthman (R.A.). Katika Muwatta ya Imam Malik, ni Ali (R.A.) aliyemkabili Uthman kwa hoja ya aya. Surat Al-Ahqaf, aya ya 15, imeufanya muda wa kubeba mimba na kunyonyesha kuwa miezi 30 kwa pamoja. Surat Luqman, aya ya 14, imetaja kumwachisha mtoto ziwa katika miaka 2, yaani miezi 24. Toa 24 katika 30; mimba inabakiwa na miezi 6. Hakuna aya hata moja inayotamka kwamba mimba yaweza kuwa ya miezi 6, na aya zote mbili zilikuwa zikisomwa Madina usiku na mchana. Riwaya hiyo ya Muwatta inaendelea kwamba Uthman alipotuma mtu amrudishe mwanamke yule, alikutwa amekwisha kupigwa mawe.

Namna ya kumfundisha mtoto kazi hii haihitaji vitabu vya Usuul. Chukueni hadithi ya Abu Umayr, iliyomo katika Bukhari na Muslim. Mtume (S.A.W.) alikuwa akizuru nyumba ya Ummu Sulaym na Abu Talha (R.A.), na mtoto wao mdogo, nduguye Anas kwa mama, alikuwa na kidege cha kuchezea. Siku moja Mtume akamwita kwa kuniya yake na kumuuliza kidege kimepatwa na nini. Ni maneno machache mno. Walikuwapo watu waliowakejeli wanahadithi kwa kupokea habari kama hii, wakiiona haina faida yoyote. Mwanachuoni wa Kishafii, Ibnul-Qaas wa Tabaristan, aliyefariki mwaka 335 Hijria, akawajibu kwa kuandika risala nzima juu ya hadithi hiyo moja, akatoa ndani yake faida 60.

Nimeisomesha mara nyingi kwa watoto wa miaka 10 na 11. Faida 60 hawazifikii, lakini hawashindwi na za mwanzo. Je, Mtume alikuwa amewahi kufika nyumba ile kabla ya siku hiyo? Ndiyo. Umejuaje? Kwa sababu anayeuliza habari za kidege alikuwa akikijua. Je, yafaa mtoto kuitwa baba fulani naye hana mtoto? Yafaa, kwani Mtume mwenyewe amemwita hivyo. Kisha nawasomea riwaya nyingine isemayo kwamba Mtume alimkuta mtoto ana huzuni, akaambiwa kidege chake kimekufa, ndipo akasema aliyoyasema. Hapo darasa hutulia. Kumbe hakuuliza ili apate habari! Alikuwa akimliwaza. Neno kuliwaza halimo katika hadithi, na mtoto amelipata mwenyewe.

Huwapo pia anayedandia. Atasema: basi yaruhusiwa kumfunga ndege kamba na kumvuta huku na huku. Sighadhibiki naye. Namuuliza lile lile: umejuaje? Tunarudi kwenye maneno, kamba haimo. Kisha namkumbusha hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia bila chakula. Amejifunza mambo mawili kwa mara moja: kwamba fahamu yake lazima iwe na mahali pa kuegemea ndani ya maandishi, na kwamba andiko moja halisomwi kana kwamba mengine hayapo.

Baadhi ya wazee wetu wanaiogopa njia hii. Wanasema tutawazoesha watoto kuifasiri Qur'ani kwa rai zao. Khofu yao ina msingi, na mimi siwapi watoto mlango wa kutoa hukumu ya halali na haramu. Huo una watu wake. Lakini tazameni nani hasa yuko hatarini. Kijana asiyewahi kuulizwa "umejuaje" ndiye atakayepokea kipande cha video cha dakika 2 katika simu yake, ndani yake aya iliyokatwa kichwa na mkia, na akakiamini chote, kwa kuwa maisha yake yote elimu imekuwa ni kupokea. Hana chombo cha kumpimia msemaji.

Ibn Khaldun, aliyefariki mwaka 808 Hijria, aliliona jambo hili mapema. Katika Muqaddima ameeleza kwamba wanafunzi wa Maghrib walipangiwa miaka 16 ya kukaa madrasani, na wa Tunis miaka 5. Waliokaa miaka mingi hawakuwa ndio bora. Aliwakuta wenye kuhudhuria vikao wakiwa kimya, hawasemi wala hawajadili, hima yao yote katika kuhifadhi, na malaka ya elimu haikujengeka ndani yao.

Nasi wa harakati hii tuna la kujibu zaidi ya wengine. Ni sisi tunaopanda mimbari kuwakataza watu taqlidi na kuwaita kwenye dalili. Kisha Jumatatu jioni tunaingia darasani, tunaandika jibu ubaoni, tunawaamuru wanafunzi walikariri, na anayeuliza limetoka wapi tunamwona mkosefu wa adabu. Mtoto akikariri "dalili yake ni aya kadha" bila kuona hukumu inatokaje katika aya hiyo, amebadilisha tu aliyemfanyia taqlidi.

Najua walimu wenzangu watataja muda, na watoto 60 katika chumba kimoja baada ya skuli. Ni kweli. Lakini hadithi moja kwa wiki yatosha, au kurasa chache za tafsiri ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, iliyo mikononi mwetu tangu mwaka 1969.

Kwa kamati za misikiti nina ombi moja. Siku ya kufunga madrasa mwezi wa Shaabani, baada ya watoto kusoma walichohifadhi, wapewe hadithi moja fupi wasiyoizoea, na mzazi mmoja katika waliohudhuria, si mwalimu wao, awaulize.