Kipya Kinyemi: Gari Jipya na Maneno ya Barazani

Huko Tassia, mtaa wa maghorofa ulioko Embakasi, mashariki ya Nairobi, baraza la wapenzi wa magari halina siku maalumu. Panapo fundi wa jua kali na boneti iliyofunuliwa, hapo watu hukusanyika, na kila mmoja ana hukumu yake. Huyu atasema Subaru ndilo gari, mengine ni vyombo vya kufikia kazini tu. Yule atajibu kwamba Subaru ni la kijana asiyelipa karo, maana apatacho chote hukimimina tangini. Wa tatu atawacheka wote wawili na kulisifu Probox, gari ambalo Toyota ililitoa mwaka 2002 kwa kazi ya kubeba mizigo, ndipo likavumilia mashimo yetu.

Mazungumzo hayo ni burudani, nasi hatuna ugomvi nayo. Ubaya huanza pale msikilizaji anapotoa akiba ya miaka kwa neno aliloliokota barazani.

Tuanze na neno lenyewe, "gari jipya". Tassia, kama ilivyo Mombasa na Malindi, gari jipya aghalabu ni lile lililokwisha tumika Japani. Kiwango cha Kenya kiitwacho KS 1515 hakiruhusu kuingiza gari lililopita miaka minane. Mwaka 2025, lililosajiliwa mara ya kwanza kabla ya 2018 halikupokewa. Basi gari limeendeshwa na wenyewe huko miaka saba, likavuka bahari, likashushwa Kilindini, likapigwa nambari inayoanza na KD, na papo hapo likaitwa jipya. La jirani, lililoundwa mwaka ule ule lakini lenye nambari ya KC, huitwa kuukuu. Ni kweli kwamba barabara za Japani ni laini kuliko zetu, lakini kibati cha nambari hakitengenezi injini. Wahenga walisema kipya kinyemi, kingawa kidonda.

Halafu iko bei. Aonaye bei ya Japani hufurahi mapema. Bado nauli ya meli, ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa, na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16. Likifika Tassia, bei aliyoisikia mwanzo haimo tena. Hapo ndipo wengi hukimbilia mkopo.

Na kwa msomaji Mwislamu, mkopo una swali ambalo barazani halitajwi, nalo ni riba. Tangu mwaka 2008, benki za Kiislamu zilipoanza kazi nchini Kenya, iko njia ya murabaha. Benki hulinunua gari likawa mali yake, kisha humuuzia mteja kwa bei na faida zilizotajwa wazi, naye hulipa kwa mafungu. Ni njia njema. Lakini deni la halali nalo ni deni; mwisho wa mwezi halimsamehi mwenye watoto shuleni.

Rai yetu ni hii. Kabla ya kuuliza gari gani linasifiwa, mnunuzi ajiulize analitakia kazi gani. Aulize vipuri vyake vyapatikana wapi na kwa kiasi gani. Apige hesabu ya mafuta na bima ya mwaka mzima. Ampeleke fundi asiyepata ujira kwa muuzaji, alikague chini na juu, wala asiamini mita peke yake, kwani mita hurudishwa nyuma. Na asitoe hata senti kabla ya kuhakikisha, katika daftari za NTSA, kwamba anayeuza ndiye mwenyewe na kwamba gari halina deni la mtu.

Mengine ni maneno ya kupisha jioni. Msifu mvua imemnyea. Na msifu gari naye awe amelinunulia kipuri.