Nani Atapokea Simu Saa Tisa Usiku?



Kizazi chetu tunajua kuchagua. Mkitafuta ukumbi wa harusi mnazunguka Dar nzima, mnauliza kama jenereta ipo, magari mangapi yataegeshwa, mpishi ni nani na mkiahirisha mnarudishiwa kiasi gani. Mtoto akitaka kuanza chekechea mnakagua mpaka vyoo. Lakini siku daktari anapowaita pembeni na kusema, "Mpelekeni nyumbani mkamuuguze," wote tunakuwa mabubu. Tunachukua namba ya kwanza tunayopewa na jirani, tunalipa, tunashukuru, basi.

Mwezi huu nataka tuongee hilo. Najua, si mada ya kusoma huku unasukwa saluni! Lakini wengi wetu tuko kwenye miaka ya 30, wazazi wetu wanaingia 60 na 70, na sisi tuko mjini wakati wao wako mkoani. Itatufikia. Na ikifika, inaingia moja kwa moja sebuleni kwenu, kwenye bajeti yenu na mpaka chumbani kwenu.

Kwanza, ni huduma gani hii?

Kwa Kiswahili tunaiita tiba shufaa. Ni matunzo ya mtu mwenye ugonjwa mzito, kama saratani au moyo na figo zilizoshindwa kazi, na shabaha yake ni kupunguza maumivu na mahangaiko ya mwili na ya nafsi, na kuishika mkono familia yake pia. Hospisi ni taasisi inayotoa huduma hiyo, hasa miezi ya mwisho. Ukisikia hospisi usifikirie lazima jengo lenye vitanda. Kwetu Afrika Mashariki sehemu kubwa ya kazi hii inafanyika nyumbani kwa mgonjwa: nesi anabisha hodi na begi lake, anakaa, anasikiliza.

Hospisi ya kisasa ilianzia London mwaka 1967, Cicely Saunders alipofungua St Christopher's. Nairobi Hospice ilianza kuhudumia wagonjwa mwaka 1990, na Hospice Africa Uganda ikaanzishwa na daktari Anne Merriman mwaka 1993. Hapa Tanzania wengi tunaifahamu Taasisi ya Saratani Ocean Road, na kule Arusha hospitali ya Kilutheri ya Selian ilianza kufuata wagonjwa majumbani mwishoni mwa miaka ya 1990. Kwa hiyo si jambo la kigeni wala la matajiri peke yao.

Tatizo ni kwamba watu wengi wakisikia tiba shufaa wanasikia "tumekata tamaa". Mwaka 2010 madaktari wa Boston, Marekani, walichapisha utafiti wa wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu iliyokwishasambaa. Nusu ya waliopewa tiba shufaa mapema, pamoja na matibabu yao ya kawaida, waliishi zaidi ya miezi 11.6. Kwa wenzao waliopata matibabu ya kawaida tu, nusu yao waliishi zaidi ya miezi 8.9. Na waliopewa tiba shufaa walikuwa na sonona pungufu. Kwa hiyo, ndugu wa ukoo akikwambia "mnamkatia tamaa mama", una cha kumjibu.

Ilivyokuwa kwetu

Mama mkwe wangu aliugua saratani ya shingo ya kizazi, ile inayowapata wanawake wengi kuliko saratani nyingine yoyote hapa nchini. Ilipofika mahali madaktari wakasema matibabu hayatasaidia zaidi, alihamia kwetu. Shemeji mkubwa alitaka apelekwe India. Wifi alitaka aombewe. Mume wangu alikuwa halali. Mimi nilikuwa naenda kazini na macho mekundu.

Tukatafuta watu wa kumhudumia nyumbani. Wa kwanza sitawataja. Walikuwa na gari lenye nembo na sare zilizonyooka pasi. Kila Jumatano nesi wao alikuja, akapima presha, akapima joto, akaandika kwenye faili, akatuachia risiti. Wiki ya tatu, Ijumaa usiku, maumivu yakampanda Mama. Saa tisa usiku mume wangu akapiga simu. Inaita, inakatika. Jumamosi hivyo hivyo. Jumatatu asubuhi wakapokea kwa sauti laini kabisa: "Msiwe na wasiwasi, nesi atakuja Jumatano kama kawaida."

Siku tatu, mwanamke aliyelea watoto sita alikuwa anauma kanga ili wajukuu wasimsikie akilia.

Wa pili walikuwa na ofisi ndogo nyuma ya zahanati. Manesi wawili na daktari mmoja mstaafu. Nesi alipofika alimwamkia, "Shikamoo Mama, pole na maumivu," kisha akaketi pembeni ya kitanda. Hakugusa kipimo chochote kwanza. Alimwomba Mama atumie mkono wake: ngumi maana yake hauumwi kabisa, vidole vitano maana yake maumivu yasiyovumilika. Mama alinyanyua vidole vinne. Nesi akaandika 4, akatugeukia: "Nileteeni dawa zote alizonazo." Siku ya tatu baada ya hapo Mama alinyanyua kidole kimoja, akaomba uji wa ulezi.

Tofauti ya watoa huduma wale wawili ndiyo iliyonifanya niandike safu hii. Haya, yafuatayo ni mambo ya kuuliza kabla hamjalipa hata shilingi.

1. Mnatibu vipi maumivu makali?

Hili ni swali la kwanza na ndilo zito kuliko yote. Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa ngazi: maumivu madogo, paracetamol au jamii yake, yakizidi, dawa kama codeine, yakiwa makali, mofini. Mtoa huduma asiye na njia ya kueleweka ya kumpatia mgonjwa mofini bado hajajipanga kwa maumivu makali ya saratani. Muulize: nani anaiandika, inachukuliwa wapi, ikikaribia kuisha mnafanyaje?

Mofini ya maji ni dawa ya kunywa, na kwa kawaida hutolewa kila baada ya saa 4, iume isiume, ili maumivu yasipate nafasi ya kurudi. Dozi ya kulalia mara nyingi huwa maradufu ili mgonjwa apitilize usingizi. Inafunga choo, kwa hiyo lazima iambatane na dawa ya kulainisha choo. Huo ni mtihani mzuri kwa nesi: akileta mofini bila kugusia choo, muulize kwa nini. Kuhusu ile hofu ya "atakuwa teja" au "itamuua haraka": ikitolewa kwa vipimo sahihi kwa ajili ya maumivu, uteja ni nadra na dawa haimfupishii mtu maisha. Dozi anapanga daktari, si shangazi.

2. Usiku nani anapokea simu?

Usiridhike na jibu la "tupo saa 24". Omba namba yenyewe, kisha ipige Jumapili saa nne usiku kabla hamjasaini chochote. Anayepokea ni nesi au mlinzi? Anaweza kukuelekeza la kufanya sasa hivi? Anaweza kumwamsha daktari? Maumivu hayana saa za ofisi jamani.

3. Anayekuja nyumbani ni nani?

Uliza leseni yake ya uuguzi, na kama amepata mafunzo ya tiba shufaa. Ni mtu mmoja atakayemzoea mgonjwa, au kila wiki sura mpya? Mgonjwa anayeoshwa kidonda na mtu ana haki ya kulijua jina lake.

4. Wanaongea na mgonjwa au wanaongea juu yake?

Kuna kidodoso kizuri sana kilichotengenezwa na Jumuiya ya Tiba Shufaa Afrika. Kina maswali 10 tu: 7 anaulizwa mgonjwa, 3 anaulizwa anayemuuguza. Mgonjwa anaulizwa kuhusu maumivu na dalili nyingine, lakini pia kama ana wasiwasi, kama anaweza kuwaeleza watu wake anavyojisikia, kama maisha yana thamani kwake, kama ana amani. Familia inaulizwa kama imepewa taarifa za kutosha na kama inajiamini kumhudumia. Majibu yanapewa alama kuanzia 0 hadi 5, na ule mkono wa nesi wetu umetoka humo. Muulize mtoa huduma: mnapimaje kama mgonjwa wenu anaendelea vizuri? Akikujibu presha na joto tu, hapo hamjafika.

Nesi wetu alimuuliza Mama, sisi tukiwa palepale, "Mama, kuna jambo lolote unatamani likamilike?" Kikao cha ukoo kilikuwa kimekubaliana asiambiwe ukweli. Mama akacheka kidogo. "Mwanangu, mimi najua ninachoumwa. Nataka nikamwone mdogo wangu Tukuyu kabla sijalala." Kumbe aliyekuwa hajui ni sisi! Tulisafiri naye wiki mbili baadaye, tukalala Iringa njiani, na dawa za siku 14, ratiba iliyoandikwa kwa mkono, na barua kwa hospitali ya kule. Alikaa na mdogo wake siku tisa, wakachambua maharage barazani. Wiki tano baada ya kurudi, alituaga.

5. Watawafundisha nini ninyi?

Nesi anakaa saa moja, ninyi mnabaki na saa 23. Timu nzuri inawafundisha kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya kitandani, kumsafisha kinywa, kubadilisha shuka akiwa amelala, na kuzitambua dalili za siku za mwisho ili msikurupuke kuita gari la wagonjwa usiku wa manane kumpeleka asikotaka kwenda. Pia wanamuuliza yule anayeuguza, mara nyingi mke au binti wa kazi, "Na wewe umelala?"

6. Gharama, mezani

Kila ziara bei gani? Usiku je? Dawa zimo au mnanunua wenyewe? Bima inalipa nini? Kitanda na kiti cha magurudumu vinakodishwa? Mtoa huduma mwaminifu anawaandikia karatasi. Na awe tayari kuwaambia kama hospitali ya serikali iliyo karibu inaweza kuwapa huduma hiyo kwa gharama nafuu zaidi.

7. Baada ya msiba je?

Uliza kama wanafuatilia familia. Nesi wetu alipiga simu baada ya arobaini, hakuwa na cha kutudai. Alimuuliza mume wangu anaendeleaje, na mwanaume ambaye hakulia makaburini akalia kwenye simu dakika kumi. Nilijisikia kama nimerudishiwa mume.

Na ninyi wawili

Uuguzi wa mzazi unaweza kuipasua ndoa kimya kimya. Mmoja anahisi mzigo wote ni wake, mwingine anahisi analaumiwa kwa kumpenda mama yake. Kaeni chini mgawane kabla hamjachoka: nani anashika simu na ratiba ya dawa, nani anaongea na ukoo, nani analala chumba cha mgonjwa siku zipi. Chagueni mtu mmoja wa kuongea na mtoa huduma, maana watoto sita wakipiga simu sita na maagizo sita, hata nesi mzuri atachanganyikiwa.

Kisha wapeni watoa huduma wiki moja, mjiulize mambo matatu. Maumivu yamepungua? Tulipopiga simu, tulipata mtu? Mgonjwa mwenyewe anamsubiri nesi huyu, au anageukia ukutani akisikia sauti yake? Mkipata "hapana" mbili, badilisheni. Tumelelewa kuona aibu kumwacha mtu tuliyeanza naye, hasa akiwa rafiki wa familia au muumini mwenzetu. Lakini anayelipia aibu hiyo yuko kitandani, na hana muda wa kusubiri Jumatano ijayo.

Wikiendi hii mkiwapigia wazazi simu, baada ya habari za mvua na kuku, waulizeni taratibu: mkija kuugua, mngependa kuuguziwa wapi, na nani awe karibu? Mnaweza kuambiwa "mnatuchuria". Vumilieni, ulizeni tena siku nyingine. Majibu yaandikeni, muyaweke mahali nyote wawili mnapajua.

Tukutane mwezi ujao.

Mhariri wenu