Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Pwani ya Kusini-Magharibi ya Uskoti

Kusini-magharibi mwa Uskoti, pale ambapo maji ya ghuba ya Solway huitenga nchi hiyo na England, iko wilaya ya Dumfries na Galloway. Ni nchi ya malisho ya kijani, ng'ombe wa maziwa, mvua nyingi, na vijiji vidogo vinavyoitazama bahari. Barabara kuu moja, iitwayo A75, huanzia Gretna mpakani na kuelekea magharibi kwa kilomita zipatazo 160 hadi Stranraer. Usiku na mchana malori hupita humo yakikimbilia meli za kwenda Ayalandi ya Kaskazini. Lakini mwenye duka la kijijini hapati hata senti moja kwa gari lisilosimama. Tangu reli iliyounganisha Dumfries na Stranraer ilipofungwa mwaka 1965, wenyeji wamekuwa wakijiuliza swali moja: mpita njia afanyiwe nini hata ashuke?

Wahenga walinena, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Methali hii haikutaja mwenyeji awe na kitu gani cha kumwonyesha huyo mgeni. Pwani hii haina milima mirefu kama ile ya kaskazini, wala ziwa lenye hadithi ya joka. Ilicho nacho kwa wingi ni mabaki ya mambo yaliyopita, mengine ya fahari na mengine ya uchungu. Jinsi wenyeji walivyoyatumia mabaki hayo ndiyo habari ya ukurasa huu juma hili.

UJI WA SHETANI

Anayeingia kutoka England hufika kwanza Gretna, mahali mashuhuri kwa ndoa za watoro. Kuanzia mwaka 1754 sheria ya England iliwazuia vijana walio chini ya umri wa miaka 21 kuoana pasipo ridhaa ya wazazi. Sheria ya Uskoti haikudai ridhaa hiyo. Basi wapenzi walitoroka, wakavuka mpaka, na kufungishwa ndoa mbele ya fuawe la mhunzi. Sababu ya kutoroka ilikwisha zamani, lakini maharusi wangali wanakuja, na karakana ya mhunzi ni miongoni mwa mahali panapozuriwa sana katika wilaya nzima.

Kilomita chache mbele, kijijini Eastriggs, liko jumba la makumbusho lenye jina la ajabu: Uji wa Shetani. Mwaka 1915, jeshi la Uingereza lilipopungukiwa risasi za mizinga katika Vita Kuu ya Kwanza, serikali ilijenga hapa kiwanda cha baruti kilichoenea kiasi cha kilomita 14 kandokando ya ghuba. Wanawake wapatao 12,000, wengi wao wasichana waliotoka majumbani na mashambani, walifanya kazi humo. Walikanda kwa mikono rojorojo ya kemikali ambayo kosa dogo lingeweza kuilipua. Mwandishi Arthur Conan Doyle alipozuru kiwanda hicho ndiye aliyeipa rojorojo hiyo jina la uji wa shetani.

Ulevi wa wafanyakazi uliitia serikali wasiwasi hata ikayachukua mabaa ya Gretna na Carlisle kuwa mali yake mwaka 1916, nayo ikaendelea kuuza bia mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970. Msomaji mwenye mume au mke kazini kambini ataona kwamba tatizo hilo halikuanza leo.

Kiwanda hakipo tena. Wenyeji walianza na maonyesho madogo ya picha na vifaa, yakakua hadi kuwa jumba kamili. Mgeni haonyeshwi majenerali, bali huonyeshwa kazi ya msichana aliyekanda uji ule.

NGOME NA BATA BUKINI

Kusini ya mji wa Dumfries, karibu na matope ya ghuba, imesimama ngome ya Caerlaverock. Imejengwa kwa mawe mekundu katika umbo la pembetatu, na kuzungukwa na handaki la maji. Mwezi Julai mwaka 1300 mfalme Edward wa Kwanza wa England aliizingira kwa jeshi la watu wapatao 3,000. Baada ya siku mbili walinzi walisalimu amri. Utenzi wa Kifaransa wa wakati ule husimulia kwamba washambuliaji walistaajabu walipowaona wakitoka: walikuwa watu 60 tu. Kwa askari yeyote apendaye kujua thamani ya ukuta mzuri na moyo thabiti, hapa pana somo lisilohitaji ubao wala chaki.

Nyuma ya ngome ziko nyasi za pwani, na huko yapo maajabu mengine. Kila mwaka, mwishoni mwa Septemba na katika Oktoba, bata bukini wenye nyuso nyeupe na shingo nyeusi huwasili kutoka visiwa vya Svalbard, kaskazini kabisa ya Norwei. Hukaa hadi majira ya kuchipua, kisha hurejea huko kutaga. Kwa sababu ya kuwindwa, mwishoni mwa miaka ya 1940 walibakia kiasi cha 300 tu. Uwindaji ukapigwa marufuku, ardhi ikawekwa hifadhi mwaka 1957, na idadi yao ikapanda hadi kupita 30,000.

Ulinzi wa namna hiyo hauna siku ya mwisho. Katika majira ya baridi ya mwaka 2021 kuingia 2022, homa ya mafua ya ndege iliua takriban theluthi moja ya bata hao wote. Mwenye kuzuru leo huoneshwa mahali pa kujificha na kutazama, na huonywa asiyatembelee matope peke yake, kwani maji ya Solway hujaa upesi kuliko mtu anavyodhani.

MJI WA VITABU

Mji wa Wigtown una wakazi wapatao elfu moja. Ulikuwa na kiwanda cha maziwa, nacho kikafungwa. Jirani yake, huko Bladnoch, palikuwa na kiwanda cha wiski, nacho kikafungwa mwaka 1993. Maduka yakabaki matupu, na nyumba nzuri za mawe zikaanza kuoza. Ilipotangazwa kwamba Uskoti inatafuta mji mmoja wa kuwa mji wa vitabu, Wigtown uligombea, ukachaguliwa, na mwaka 1998 ukapewa rasmi jina hilo.

Maduka matupu yakajazwa vitabu vilivyokwisha kusomwa na wengine. Kuanzia mwaka 1999 pamekuwa na tamasha la vitabu ambalo huwaleta waandishi na wasomaji wengi kuliko wakazi wa mji wenyewe. Liko hata duka moja ambalo mgeni hulipia chumba cha ghorofani, na kwa juma zima hukabidhiwa duka la chini aliendeshe mwenyewe: afungue mlango asubuhi, apange rafu, auze, afunge jioni. Wapo watu wanaosubiri zamu yao kwa muda mrefu ili wapumzike kwa kufanya kazi! Kiwanda cha Bladnoch nacho kilifufuliwa baadaye.

Lakini Wigtown haikuficha jeraha lake. Kwenye tope la pwani, chini ya mji, imesimama nguzo ya ukumbusho wa wanawake wawili, Margaret McLachlan, mwanamke mzee, na Margaret Wilson, msichana aliyekuwa bado hajatimiza miaka 20. Mapokeo ya mji yasema kwamba mwaka 1685 walifungwa mitini wakati maji yamekupwa, wakaachwa hadi yalipojaa, kwa kuwa walikataa kiapo kilichokuwa kinyume cha imani yao. Askari wa serikali walisimama ufukweni. Makaburi yao yamo katika uwanja wa kanisa, na mgeni huelekezwa huko kama anavyoelekezwa madukani.

BANDARI ILIYOHAMWA

Stranraer ulikuwa mji wa meli kwa zaidi ya karne moja. Mnamo Novemba 2011 kampuni ya meli ilihamia Cairnryan, ng'ambo ya ghuba ndogo ya Loch Ryan, na gati la Stranraer likawa kimya. Mji uliozoea kuwahudumia wasafiri ukajikuta hauna msafiri hata mmoja wa kumuuzia kikombe cha chai.

Wenyeji wakayatazama maji yaliyobaki. Katika Loch Ryan wamo chaza wa asili, na haki ya kuwavua ilitolewa kwa hati ya kifalme ya mwaka 1701. Mwaka 2017 wananchi walianzisha Tamasha la Chaza, ambalo hufanyika mwezi Septemba, wakati msimu wa chaza unapofunguliwa. Tena walijenga mashua za makasia kwa mikono yao, wanaume kwa wanawake, wakaingia mashindanoni, na mwaka 2019 mashindano ya dunia ya mashua za aina hiyo yakafanyika Stranraer.

Kusini ya hapo, kwenye ncha ya mwisho kabisa ya Uskoti upande wa kusini, umesimama mnara wa taa wa Mull of Galloway. Ulijengwa na mhandisi Robert Stevenson na kuwashwa mwaka 1830. Walinzi wa taa waliishi hapo na wake zao na watoto, mbali na soko, mbali na hospitali, hadi mitambo ilipochukua kazi yao mwaka 1988. Taa yenyewe ingali inawaka. Ardhi na nyumba za walinzi zilinunuliwa na wananchi wa eneo hilo mwaka 2013. Mgeni hupanda ngazi 115, na siku yenye anga safi huona Ayalandi, kisiwa cha Man, na milima ya England.

YA TATU MPE JEMBE

Hata hivyo ile methali ina ndugu yake: "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe." Uskoti ina hifadhi mbili za taifa, zilizoundwa mwaka 2002 na 2003. Mwaka 2024 serikali ilipendekeza Galloway iwe ya tatu. Waliounga mkono walisema italeta kazi na kuwarudisha vijana waliohamia mijini. Waliopinga, wakiwemo wakulima wengi, walihofia nyumba kununuliwa na matajiri wa mbali, barabara nyembamba kujaa magari, na ng'ombe wao kuamriwa na ofisi isiyojua kukama. Katika maoni yaliyokusanywa, waliopinga waliwazidi waliokubali, na Mei 2025 serikali iliuacha mpango huo.

Pengine walikosea, pengine walipata. Miaka ijayo itaamua. Lakini tazama mambo yaliyofanikiwa katika pwani hii: jumba la Eastriggs, tamasha la Stranraer, ardhi ya mnara. Yote yalianzwa na watu wa pale pale, kwa kitu walichokijua, nao ndio walioshika ufunguo wa mlango. Walimkaribisha mgeni bila kumkabidhi nyumba.

Askari na jamaa yake ni wageni wa kila wilaya wanayohamishiwa. Mama anayefungua mizigo katika kituo kipya, na watoto wanaolalamika kwamba "hapa hapana kitu," wanaweza kuanza kwa kuwauliza wazee wa mahali hapo: palikuwa na nini hapa zamani, kilikwenda wapi, na ni nani anayekikumbuka? Jibu likipatikana, Jumapili moja itatosha kwenda kukiona, na jembe la siku ya tatu litakuwa jepesi mkononi.