Wimbo wa Ibada ni Mali ya Nani?

Mtu ambaye hakupata kusoma hata herufi moja aweza kuishika imani yake nzima katika beti chache alizozoea kuimba. Mahubiri husahaulika kabla ya chakula cha mchana. Wimbo humfuata mtu shambani, jikoni, kisimani, na mwisho humsindikiza kaburini. Kwa sababu hiyo uchaguzi wa nyimbo za ibada si kazi ndogo ya kuachiwa yeyote mwenye sauti nzuri au kinanda kipya. Achaguaye nyimbo huamua nani atasema na Mungu katika kusanyiko, na nani atakaa kimya akiwasikiliza wenzake wakisema. Siku hizi uamuzi huo aghalabu hufanywa kwa haraka, na matunda yake ni machungu.

Litazamwe kusanyiko la Wakristo kama lile la Mkuyuni, katika njia itokayo Morogoro kwenda Matombo, upande wa mashariki wa milima ya Uluguru. Katika benchi moja huketi bibi aliyeteremka mlimani kwa miguu, binti yake mwenye mtoto mgongoni, na mjukuu asiyefika bado darasa la kwanza. Bibi hasomi kwa kuwa macho yamefifia. Mjukuu hasomi kwa kuwa hajafundishwa. Kwaya husimama na kuimba wimbo mpya wa sauti nne, uliojifunzwa kwa majuma matatu, ambao Jumapili ijayo utawekwa kando ili mwingine upate nafasi. Bibi hufumba macho, mama huzitazama sare za waimbaji, mtoto husinzia. Watu watatu wa vizazi vitatu wamekuja kumsifu Mungu, na wote watatu wamegeuzwa kuwa watazamaji.

Juu ya jambo hili hubishana makundi mawili. Kundi la kwanza, ambalo ni la wazee zaidi, husema kwamba nyimbo takatifu ni zile za vitabu vya zamani, na kwamba ngoma na makofi ni mambo ya uwanjani. Kundi la pili, ambalo ni la vijana zaidi, husema kwamba nyimbo za zamani zimechoka, na kwamba pasipo nyimbo mpya kanisa litabaki na wajane. Makundi haya hudhani kuwa yanapingana, kumbe yamekosea pamoja. Yote mawili huupima wimbo kwa umri wake, kama mtu apimaye ndizi kwa urefu wa mgomba.

Wazee na waulizwe: je, nyimbo hizo za zamani zilikuwa za zamani tangu lini? Mapadri wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868, wakaanzisha misheni Morogoro mwaka 1882, na Matombo mwaka 1897. Nyimbo walizokuja nazo zilikuwa ngeni kabisa kwa Mluguru wa siku zile, na mahadhi yake yalizaliwa Ulaya. Tena nyingi zilipotiwa maneno ya Kiswahili zilikivunja Kiswahili chenyewe. Kila mwanafunzi wa lugha anajua kwamba mkazo wa neno la Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho: katika neno amani, mkazo umo katika ma. Lakini mahadhi mengi ya Ulaya hukomesha mstari kwa pigo zito. Neno likiwekwa hapo, mwimbaji hulazimika kuitwisha silabi ya mwisho mzigo usio wake, na amani husikika kama neno la kigeni katika kinywa cha mwenye lugha. Jambo lililo na kasoro ya namna hii haliwezi kuitwa takatifu kwa sababu ya ukale wake tu.

Hata hivyo, haki itendeke. Wimbo uliowazika watu wa vizazi vitatu umejipatia uraia. Bibi wa Mkuyuni anaujua kwa moyo, na mkazo uliovunjika hauzuii machozi yake. Kuutupa wimbo huo kwa sababu ulitoka ng’ambo ni ukatili uliovaa joho la uzalendo. Ubora wake umo katika kukaa kinywani mwa watu, na hapo ndipo penye kipimo cha kweli.

Vijana nao na waulizwe: je, wimbo mpya usioimbwa na yeyote isipokuwa watu ishirini wa kwaya umemleta nani karibu? Kijana asiye mwanakwaya hana neno la kuimba sawasawa na bibi yake. Upya wa wimbo umempa kitu cha kusikiliza, naye vitu vya kusikiliza anavyo tele nyumbani. Wapo wanaotaka kuponya ugonjwa huu kwa kugawa ibada: asubuhi ya wazee, mchana ya vijana, na watoto peke yao. Dawa hiyo ni mbaya kuliko ugonjwa. Mtoto hujifunza kuimba kwa kutazama mdomo wa mama yake. Akitengwa naye, atajuaje kwamba imani ni urithi? Zaburi ya 148 huwaita wazee na watoto katika mstari mmoja. Haikuwapangia saa mbalimbali.

Ugomvi huu ni wa kale. Katika karne ya nne Mtaguso wa Laodikia uliamuru kwamba wasiimbe kanisani ila waimbaji waliowekwa rasmi, na hapana shaka ulikuwa na sababu zake. Lakini katika karne hiyo hiyo, mwaka 386, Ambrosi, askofu wa Milano, alipozingirwa kanisani pamoja na watu wake, aliwafundisha wote tenzi na zaburi ili wasife moyo kwa huzuni. Augustino aliyaandika hayo, na desturi ile ikaenea. Zaidi ya miaka elfu baadaye, mwaka 1524, vitabu vya kwanza vya nyimbo za Kilutheri viliwapa watu wa Ujerumani nyimbo za lugha yao. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya liturujia ya mwaka 1963, uliagiza kwaya zitunzwe na papo hapo waumini wote washiriki kuimba. Tena ulitaka muziki wa asili wa mataifa ya misheni upewe heshima yake. Mwaka 1967 hati ya Roma juu ya muziki mtakatifu ilikemea waziwazi desturi ya kuiachia kwaya peke yake uimbaji wote na kuwafunga watu midomo. Kwa hiyo mwalimu wa kwaya aitwaye Mkatoliki, akiuchukua hata wimbo wa Mtakatifu na kuufanya onyesho la sauti nne, hana pa kujificha: anatenda kinyume cha kanisa lake mwenyewe.

Mwalimu huyo atajibu kwamba kwaya huwalea vijana, hukuza sanaa, na kwamba Mungu anastahili kilicho bora. Hayo yote ni kweli, na hakuna mwenye akili atakayetaka kwaya ivunjwe. Lakini bora ni nini? Jibu liko karibu na mlango wa mwalimu. Katika ngoma za Waluguru, kama katika ngoma za majirani zao, wimbo una mwanzishaji na waitikiaji. Manju hapimwi kwa koo lake tu, hupimwa kwa uwanja kuitika. Manju aimbaye peke yake, watu wakiwa wamekunja mikono, ameaibika hata akiwa na sauti ya kinubi. Waama, jambo ambalo uwanja wa ngoma huliona kuwa aibu, kanisa limeanza kulipigia makofi.

Namna hiyo ya kuanzisha na kuitikia haihitaji kitabu wala miwani. Kiitikio kifupi hushikwa na mtoto katika ubeti wa pili, na bibi hakisahau. Maneno marefu hubaki kwa kiongozi, na kwaya hupata kazi yake ya heshima. Zaburi ya 136 yenyewe imejengwa hivyo: mistari ishirini na sita, na kila mmoja una kiitikio kile kile. Wala hakuna haja ya kuogopa kwamba mahadhi ya nyumbani hayatafaa. Padri Stephen Mbunga aliitetea kwa hoja za sheria za kanisa nafasi ya muziki wa Kibantu katika kitabu alichokitoa mwaka 1963. Wimbo wa Pasaka wa mchungaji Bernard Kyamanywa, wa mwaka 1966, uliovaa mahadhi ya Kitanzania, umeingia katika vitabu vya nyimbo vya Ulaya na Marekani. Mgeni ameupokea, mwenyeji asione haya.

Ushahidi wa mwisho umo katika jumuiya ndogo ndogo, ambazo maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walizifanya nguzo ya uchungaji mwaka 1976. Huko, barazani, hakuna kinanda wala sare. Anaanzisha anayejua, wanaitika wote. Usiku wa msiba ni vivyo hivyo. Nyimbo zinazoimbwa saa hizo, za kale na za juzi, ndizo zilizoishi. Zile zisizoweza kuimbwa kwenye mkeka wa matanga zilikuwa mapambo tu.

Basi kanuni ni nyepesi, ingawa kuifuata kutawaudhi wengi. Nyimbo zilizo haki ya watu zisichukuliwe na kwaya kamwe. Wimbo mpya ufundishwe watu kabla ya ibada, urudiwe Jumapili nyingi, wala usiletwe mwingine mpaka huo umekaa. Kwaya ibaki na wimbo wake mmoja wa kutafakari, na mwingine wote iwe manju wa kusanyiko. Mchaguzi naye ajiulize swali moja kabla ya kuandika namba ubaoni: je, kesho kwaya isipokuja, bibi na mjukuu wake wataweza kuuimba wimbo huu wenyewe? Kama hawataweza, wimbo huo, hata ukiwa mzuri kiasi gani, bado si wa kusanyiko.